Namna ya kufuatilia nomino ya Kilatini hadi lugha za Ulaya za leo: mwongozo kamili kwa kutumia neno caput

Majedwali ninayoletewa na wasomaji yana ugonjwa mmoja. Mtu anachukua neno la Kilatini kama alivyolikuta kwenye kamusi, analiandika juu ya karatasi, halafu chini yake anapanga kila neno la Ulaya linalofanana nalo. Jedwali linapendeza. Tatizo ni kwamba nusu ya waliopangwa si watoto wa neno lile, na mtoto halali kabisa ameachwa nje kwa sababu sura yake haifanani na ya mzazi.

Mwongozo huu unafuata nomino moja, *caput*, yaani kichwa, kuanzia kitomeo cha kamusi (neno linaloorodheshwa na kuelezwa humo) hadi kwenye mti uliokamilika. Nimeichagua kwa sababu ina karibu kila mtego unaowaangusha watu. Pia wajukuu wake wamo midomoni mwetu kila siku: chifu, kapteni, Cabo Delgado.

## Vinavyohitajika

Kamusi ya Kilatini inayoonyesha umbo la umilikishi baada ya kitomeo. Kamusi ndogo ya mfukoni inayotoa neno moja tu haitafaa, na sababu utaiona katika hatua ya kwanza.

Kamusi yenye etimolojia, yaani asili ya maneno, kwa kila lugha unayotaka kuifikia. Nzuri kadhaa zinapatikana bure kwenye intaneti: ya Real Academia Española kwa Kihispania, TLFi kwa Kifaransa, Treccani kwa Kiitaliano, Priberam kwa Kireno, dexonline kwa Kiromania na DWDS kwa Kijerumani.

Karatasi pana au jedwali la kompyuta lenye safu tano: lugha, neno, maana ya leo, njia lililopitia, mashahidi (maneno mengine yenye badiliko lilelile la sauti). Safu ya mwisho ndiyo wengi huiacha tupu, na ndiyo inayotofautisha utafiti na ubashiri.

Penseli, maana utafuta sana.

Huhitaji kuzijua lugha hizo. Unachohitaji ni kujua zinavyotamkwa, kwa sababu utakuwa unafuata sauti, si herufi. Usipojua kwamba *chef* ya Kifaransa hutamkwa "shef", hatua ya tatu itakuchanganya.

Onyo kabla ya kuanza: programu ya kutafsiri haina kazi hapa. Ukiiandikia "kichwa" itakupa *tête* kwa Kifaransa, *cabeza* kwa Kihispania na *Kopf* kwa Kijerumani. Katika hayo matatu, ni moja tu lenye damu ya *caput*, tena kwa njia ya pembeni.

## Hatua ya 1: Andika maumbo matatu ya nomino, usiridhike na moja

Nomino ya Kilatini hubadilika mwisho wake kulingana na kazi inayofanya katika sentensi. Ikiwa kiima ina umbo lake, ikiwa shamirisho ina lake, ikionyesha umilikishi ina lake. Kamusi hukupa mawili: la kiima, kisha la umilikishi. Usiku ni *nox, noctis*. Mguu ni *pes, pedis*. Kichwa ni *caput, capitis*.

Kwenye umbo la umilikishi, kata ule mwisho wa *-is*. Kinachobaki ni shina: *noct-, ped-, capit-*. Kwa shina hilo tengeneza umbo la shamirisho: *noctem, pedem*.

Sababu ya usumbufu huu ni kwamba nomino nyingi mno zilizorithiwa na Kiitaliano, Kihispania, Kireno, Kifaransa na Kiromania zilitoka kwenye umbo la shamirisho. Hakikisha mwenyewe: usiku ni *notte* kwa Kiitaliano, *noche* kwa Kihispania, *noite* kwa Kireno, *nuit* kwa Kifaransa na *noapte* kwa Kiromania. Yote yana *t*, au sauti iliyozaliwa na *ct*. *Nox* haina *t* mahali popote. Anayeanza na *nox* lazima akwame, kisha aanze kubuni.

Sasa mtego wa kwanza wa *caput*. Nomino ambazo Kilatini hakikuzihesabu za kiume wala za kike (kamusi huziwekea alama *n*) zina umbo lilelile zikiwa kiima na zikiwa shamirisho. *Caput* ni mojawapo. Kwa hiyo katika umoja shina *capit-* halitokezi, na watoto wake wa moja kwa moja wanatokana na *caput* yenyewe. Shina hilo lihifadhi kando. Litarudi katika hatua ya tatu na ya nne.

Ziko pia nomino chache, hasa za watu, zilizopenya na umbo la kiima. Kiitaliano *uomo*, mwanamume, ni *homo* moja kwa moja, ilhali Kihispania *hombre* na Kifaransa *homme* zimetoka kwa *hominem*. Kifaransa kikaona haitoshi, kikabaki na *homo* pia, ambayo leo ni *on*, kile kijineno cha "mtu" au "watu" wasiotajwa. Ukikutana na jambo kama hilo usivunje kanuni yako yote. Liandike kuwa la pekee na uendelee.

Umefaulu ikiwa una kiima, umilikishi na shamirisho vimeandikwa, shina limepigiwa mstari, na unajua nomino yako ni ya kundi gani.

## Hatua ya 2: Vua miisho

Hatua hii ni fupi. Ile *-m* ya shamirisho haikuwa ikitamkwa katika mazungumzo ya kawaida. Maandishi ya ukutani ya Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79, yanaidondosha mara kwa mara. Kwa hiyo *noctem* iandike *nocte*, na *lupum*, mbwa mwitu, iandike *lupu*.

*Caput* haina *-m*, ila *t* yake ya mwisho ilianguka vilevile. Andika *capu*. Hilo ndilo neno utakalolipeleka hatua ya tatu.

Onyo moja: usivue kitu kingine. Wapo wanaokata hadi wanabaki na *cap-*, wakifurahi kwamba limeshafanana na Kiromania. Irabu ya mwisho bado ina kazi, na kila lugha inaishughulikia kivyake.

## Hatua ya 3: Pitisha neno kwenye kanuni za sauti za kila lugha

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu huruka.

Sauti haibadiliki kwa ajili ya neno moja. Kama *p* iliyo kati ya irabu mbili imegeuka *b* katika neno la kurithi la Kihispania, basi itageuka *b* katika maneno mengine ya kurithi yenye mazingira hayohayo. Kwa hiyo kwa kila badiliko unalodai, tafuta angalau mashahidi wawili kutoka maneno mengine. Ukiwakosa, dai lako halijasimama.

Kiitaliano. Huyu hasumbui. *C* mbele ya *a* inabaki "k", *p* kwa kawaida inabaki *p*, na *u* ya mwisho inakuwa *o*. Shahidi: *lupu* imekuwa *lupo*. Kwa hiyo *capu* inakuwa *capo*.

Kihispania na Kireno. *P* kati ya irabu inakuwa *b*. Mashahidi: *lupu* imekuwa *lobo* katika lugha zote mbili, na *sapere*, kujua, imekuwa *saber* katika zote mbili. Kwa hiyo *capu* inakuwa *cabo*. Ndiyo hiyo ya Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji unaopakana na Mtwara. Jina lake ni "rasi nyembamba".

Kifaransa. Hapa tulia, maana kuna mabadiliko manne yaliyopangana.

Kwanza, *c* mbele ya *a* inageuka *ch*. Mashahidi: *caru*, ghali au mpendwa, ni *cher*; *caballu*, farasi, ni *cheval*; *cantare*, kuimba, ni *chanter*.

Pili, *a* yenye mkazo katika silabi inayoishia kwa irabu inageuka *e*. Mashahidi: *mare*, bahari, ni *mer*, *patre*, baba, ni *père*, na *cher* mwenyewe tena.

Tatu, *p* kati ya irabu inakwenda mbele kuliko Kihispania, inafika *v*. Mashahidi: *ripa*, ukingo wa mto, ni *rive*, *sapere* ni *savoir*.

Nne, irabu ya mwisho isiyokuwa *a* inaanguka, na *v* ikijikuta mwishoni mwa neno inakuwa *f*. Mashahidi: *novu*, jipya, ni *neuf*, *bove*, ng'ombe, ni *bœuf*, *clave*, ufunguo, ni *clef*.

Yafanye kwa mpangilio huo. Ukiangusha irabu ya mwisho kabla ya kufika *v*, *p* haitakuwa tena kati ya irabu na hesabu yote itaharibika. Ukifuata vizuri, *capu* inatua kwenye *chef*.

Liangalie neno hilo kwa makini. "K" imekuwa "sh", *a* imekuwa *e*, *p* imekuwa *f*, *u* na *t* hazipo. Hakuna sauti hata moja ya *caput* iliyobaki ilivyokuwa, na bado *chef* ni mrithi halali kupita *capital*, ambayo kila mtu huiweka mstari wa kwanza. Ukitaka shahidi wa ndani, tazama *achever*, kumaliza, iliyoundwa kutokana na *chef* ikiwa na maana ya mwisho. Humo *v* haipo mwishoni mwa neno, kwa hiyo haikugeuka *f*.

Kiromania. Irabu ya mwisho inaanguka, *p* inasimama: *lupu* ni *lup*, *capu* ni *cap*. Lakini usiondoke hapo. Fungua kamusi utazame wingi: *capete*, vichwa. Hiyo *-et-* haikuokotwa njiani. Ni wingi wa Kilatini *capita*, na ndani yake limo lile shina *capit-* tulilolihifadhi.

Kikatalani, lugha ya kaskazini-mashariki mwa Hispania. *Cap*, kama *llop* ya mbwa mwitu. Hakuna cha kukuchelewesha.

Umefaulu ikiwa unaweza kuweka kidole kwenye kila sauti ya neno la leo na kusema ilitoka wapi, na kila badiliko lina mashahidi wawili kwenye safu yao. Neno lisilokubali usililazimishe. Liweke pembeni, huenda ni la hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Tenganisha warithi na walioazimwa

Lugha zile zilirithi maneno mdomoni, kizazi hadi kizazi. Lakini pia wasomi wake, wanasheria na mapadre walirudi kwenye vitabu vya Kilatini wakachukua maneno yaleyale upya. Neno la kurithi limepita mikononi mwa kanuni zote za hatua ya tatu. Neno la kitabuni halikuzipitia, kwa hiyo bado limevaa Kilatini. Ndiyo maana neno linalofanana sana na mzazi lishuku kwanza.

Chukua *capitalis*, kivumishi cha *caput*, "-a kichwa" au "-a msingi". Kifaransa kina *cheptel*, mifugo, na *capital*, mtaji. La kwanza lina *ch*, limepitia kanuni. La pili lina *ca-* nzimanzima: ni la kitabuni.

Kiingereza kinafurahisha zaidi, maana kimelipokea neno hilohilo mara tatu kupitia milango mitatu. *Cattle*, ng'ombe, limeingia na Wanormani, ambao Kifaransa chao cha kaskazini hakikugeuza *ca-* kuwa *cha-*. *Chattel*, mali isiyo ardhi wala nyumba, limeingia kupitia Kifaransa cha Paris, nalo lina *ch*. *Capital* limetoka kwenye Kilatini cha vitabuni. Mali, mifugo na mtaji ni kitu kimoja kwa mkulima, kwa hiyo maana haikuhitaji kusafiri mbali.

Sisi wenyewe tuna neno la namna hiyo, ingawa halihusiani na Kilatini hata kidogo. Rasilimali ni la Kiarabu: *ra's al-mal*, kichwa cha mali. Rasi ya baharini nayo ni *ra's* hiyohiyo. Nalitaja ili uone kwamba maana mbili kufuata njia moja katika lugha mbili hakuzifanyi lugha hizo kuwa ndugu. Ukiona mtu ameunganisha rasi na *cabo* kwenye mti mmoja, ujue ameruka hatua ya tatu.

Mfano mwingine ni *capitulum*, kichwa kidogo. Kihispania kina *capítulo*, sura ya kitabu, na *cabildo*, baraza la mji au la makasisi wa kanisa kuu. Umeshajua kuisoma: *p* iliyokuwa *b* inakuambia *cabildo* ni mrithi, na *p* iliyosimama inakuambia *capítulo* imetoka kitabuni.

Kuna na azima za jirani kwa jirani. Kifaransa kina *cap*, rasi au uelekeo wa chombo, ambayo haiwezi kuwa mrithi wake wa moja kwa moja kwa kuwa haina *ch*. Imetoka kwa Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa. Mabaharia ndio walioileta.

Umefaulu ikiwa kila neno lina alama moja kati ya tatu: la kurithi, la kitabuni, la jirani. Neno lenye alama mbili halijachunguzwa vya kutosha.

## Hatua ya 5: Usiwape uraia ndugu wa mbali

Hapa ndipo majedwali mengi yanapofia.

Kijerumani kina *Haupt*, kichwa au kikuu. *Hauptstadt* ni mji mkuu, *Hauptmann* ni kapteni wa jeshi, *Hauptbahnhof* ni stesheni kuu ya reli. Maana inalingana na *caput* karibu kila kona. Msomaji anaona *p* na *t*, anashangilia, anaandika.

*Haupt* haikutoka kwa *caput*. Wala *head* ya Kiingereza, ambayo zamani ilikuwa *heafod*. Hayo ni maneno ya familia ya Kijerumani, ambayo Kijerumani na Kiingereza vyote vimo, tangu asili, na uhusiano wake na *caput* ni wa babu mmoja aliyeishi kabla ya Kilatini chenyewe. Kipimo chake ni hiki: palipo na sauti "k" katika Kilatini, lugha za Kijerumani mara nyingi zina *h* mwanzoni. *Cornu*, pembe, iko sambamba na *horn*. *Centum*, mia, na *hundred*. *Canis*, mbwa, na *Hund*. Ukiona *h* ya Kijerumani mahali pa *c* ya Kilatini, una ndugu, si mtoto. Kwa *caput* na *Haupt* irabu zina utata kidogo, lakini konsonanti zinatosha kuliondoa neno hilo kwenye orodha ya watoto.

Kijerumani kina *caput* ya kweli pia, ila yote ni ya kuazima: *Kapitel*, sura ya kitabu, *Kapitän*, nahodha, *Chef*, bosi. Hili la mwisho limepita kwa Wafaransa, na tahajia yake haifichi.

Kiingereza nacho si mtoto wa Kilatini, hata kiwe na maneno ya Kilatini mangapi. Kila neno lake la *caput* ni azima: *chief* na *chef* kutoka Kifaransa kwa nyakati mbili tofauti, *captain* kutoka *capitaine*, *chapter* kutoka *chapitre*. Ukiandika "mrithi" mbele ya neno la Kiingereza, futa.

Kiswahili kinaingia hapa kwa utaratibu huohuo. Chifu: Kilatini, Kifaransa, Kiingereza, kisha sisi. Kapteni vivyo hivyo, kupitia *capitaneus*. Katika Kiswahili cha Kongo kuna kapita, msimamizi wa vibarua, ambaye amepita mlango wa Kireno, *capitão*. Kapteni na kapita ni maneno mawili ya asili moja yaliyofika kwetu kwa vyombo viwili tofauti, na mtu wa Lubumbashi na wa Mombasa wanaweza kubishana siku nzima wasijue kwamba wote wana haki.

## Hatua ya 6: Fuata maana, na uulize nani alichukua nafasi iliyoachwa

Kufika kwenye sauti si kumaliza. Jaza safu ya maana, na uijaze kwa kamusi, si kwa kukisia.

*Capo* ya Kiitaliano leo ni kiongozi, mwanzo, mwisho, rasi. *Capodanno* ni Mwaka Mpya, kichwa cha mwaka. *Da capo* ni "kutoka mwanzo". Mwanakwaya anayesoma nota ameiona ikiandikwa D.C. *Cabo* ya Kihispania ni rasi, ncha, na cheo cha koplo. *Chef* ya Kifaransa ni mkuu wa kazi yoyote, na kwa sababu jiko nalo lina mkuu wake, dunia nzima imeichukua kwa maana ya mpishi. *Cap* ya Kikatalani ni kichwa, na pia "hata kimoja".

Je, kile kichwa chenyewe kilicho juu ya shingo? Katika lugha hizo kubwa, ni Kiromania ndicho kilichoshikilia *cap* kuwa neno la kawaida la kichwa cha mwili. Kiitaliano na Kifaransa kwa kazi hiyo vilichukua *testa*, ambayo kwa Kilatini ni chungu au kigae: *testa* kwa Kiitaliano, *tête* kwa Kifaransa. Ulikuwa utani, kama mtu anayemwambia mwenzake "hilo buyu lako". Utani ukazoeleka ukawa neno rasmi. Wajerumani walipita njia hiyohiyo: *Kopf* asili yake ni kikombe, Kilatini *cuppa*. Kireno kina *testa* pia, ila kwake ni paji la uso.

Kihispania na Kireno vilifanya jambo la tatu. *Cabeza* na *cabeça* zimetoka kwenye *capitia*, umbo ambalo kamusi huliwekea kinyota mbele. Kinyota hicho kinamaanisha neno halikupatikana limeandikwa. Wataalamu wamelijenga upya kutokana na watoto wake. Usikifute unaponakili. Ndiyo njia ya pembeni niliyoitaja mwanzoni.

Onyo la hatua hii ni maneno yanayoandikwa sawa. Kireno kina *cabo* ya rasi, ambayo ni *caput*, na *cabo* ya mpini wa jembe au ufagio, ambayo ni *capulum*. Njia mbili zimekutana kwenye herufi nne. Kiingereza nacho kina *cape* mbili: ya rasi ni yetu, ya vazi la mabegani ni *cappa*, na ina familia yake nyingine inayofika hadi *chapel*. Kamusi nzuri hutenganisha vitomeo hivi kwa namba ndogo. Soma namba.

Umefaulu ikiwa unaweza kujibu maswali mawili kwa kila lugha: neno hili lina maana gani leo, na ile maana ya kwanza sasa inabebwa na neno gani.

## Hatua ya 7: Linganisha na kamusi, kisha chora

Utauliza kwa nini hatukufungua kamusi ya etimolojia tangu mwanzo tukanakili. Ni kwa sababu ukinakili bila kufanya kazi hutaona kamusi inapozungumzia azima na inapozungumzia urithi, na hutajua ufanye nini kamusi mbili zikipingana. Zinapingana mara nyingi.

Fungua kila kitomeo. Tazama lugha inayotajwa mara moja kabla ya neno, si ile ya mbali kabisa. Kamusi ya Kiingereza ikisema *chief* imetoka Kifaransa, ambacho kilitoka Kilatini, mshale wako unachorwa kutoka Kifaransa. Kuruka katikati ni kosa, hata kama mwanzo na mwisho ni sahihi.

Kwa urithi chora mstari kamili. Kwa azima chora wa vitone. Ndugu wa mbali usiwachore kabisa. Waandike chini ya ukurasa.

Ukurasa wa *caput* uliokamilika unasomeka hivi. Mistari kamili: *capo*, *cabo* ya Kihispania, *cabo* ya Kireno, *chef*, *cap* ya Kiromania pamoja na *capete*, *cap* ya Kikatalani. Mistari kamili kupitia maneno yaliyoundwa juu ya *caput*: *cabeza*, *cabeça*, *cabildo*, *cheptel*. Vitone: *capital* popote ilipo, *capítulo*, *cap* ya Kifaransa, *chief*, *captain*, *cattle*, *chattel*, *Kapitel*, *Chef* ya Kijerumani, na kwenye ncha kabisa chifu, kapteni na kapita. Chini ya ukurasa, nje ya mti: *Haupt* na *head*.

## Nomino tatu za kufanyia mazoezi

Anza na *mensa, mensae*, meza. Kanuni ya kuijua ni kwamba *n* mbele ya *s* ilishaanguka katika Kilatini cha mazungumzo, na shahidi wako ni *mensis*, mwezi, iliyozaa *mes* ya Kihispania na *mese* ya Kiitaliano. Utapata *mesa* kwa Kihispania na Kireno, *masă* kwa Kiromania, na kutoka kwa Wareno utaipata meza unayoandikia. Swali la kujipima: Kiitaliano kina *mensa*, ukumbi wa chakula wa chuo au kiwanda, na *n* yake imesimama wima. Ipe alama yake ya hatua ya nne kabla hujafungua kamusi.

Ya pili ni *cathedra*, kiti, ambayo Kilatini kilichukua kwa Wagiriki. Kireno *cadeira* bado ni kiti. Kihispania *cadera* ni nyonga. Kifaransa kina mbili, *chaire*, mimbari, na *chaise*, kiti, na ya pili ilizaliwa pale wakazi wa Paris walipoitamka *r* kama *z*. Kazi yako ni kueleza *ch* yake na kuonyesha *chair* ya Kiingereza ilichukuliwa kabla au baada ya hiyo *z*.

Ya tatu ni ngumu: *ecclesia*, kanisa, nayo ya Kigiriki kwa asili. Watoto ni *chiesa* ya Kiitaliano, *église* ya Kifaransa, *iglesia* ya Kihispania na *igreja* ya Kireno. Kwa *chi-* ya Kiitaliano ulete shahidi *clave*, ambayo ni *chiave*. Kiromania usikitafute humo. Chenyewe kilichukua *basilica* kikapata *biserică*. *Church* na *Kirche* ni za ukoo mwingine wa Kigiriki, na kanisa letu ni la Kiarabu. Ila *igreja* ya Wareno ilibaki pwani kwa sura nyingine: gereza, jina ambalo ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa hadi leo. Safu ya sauti utaijaza haraka. Safu ya maana, kutoka kanisa hadi ngome hadi jela, ndiyo nitakayoitazama kwanza ukinitumia ukurasa wako.